Barua Mbili za Kumkabidhi Binti Yangu

Dada yangu alipopiga simu kutoka Kanada kutuambia kwamba shule iliyo karibu na kwake imekubali kumpokea binti yangu, nilifurahi kwa dakika mbili. Dakika ya tatu alianza kunisomea orodha ya karatasi ambazo mtoto mgeni lazima awe nazo ili apewe kibali cha kusoma, na furaha ikaanza kutafuta mlango.

"Barua ya shule iko, hiyo mi nitatuma," alisema. "Pasi. Cheti cha kuzaliwa. Picha. Karatasi ya daktari. Karatasi ya benki. Barua ya kueleza kwa nini anakuja na kwamba akimaliza atarudi. Halafu, sababu ni mutoto mudogo na anakuja bila wazazi, lazima akuwe na mulezi huku. Huyo mulezi ni mi. Mi nitasaini mbele ya noteri wa huku, yule wa kugonga muhuri wa sheria, ninyi mutasaini mbele ya noteri wa huko."

"We ndiyo mulezi?" niliuliza.

"Kwani uko na mwingine?"

Sikuwa na mwingine. Lakini niliikumbuka shule ya bweni, na yeye akajua nimeikumbuka.

Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu, umri aliokuwa nao binti yangu wakati wa simu ile, mimi na dada tulikuwa shule ya bweni ya wasichana huko milimani. Yeye alikuwa na miaka kumi na sita. Mwanafunzi hakuruhusiwa kushuka Bujumbura mwisho wa wiki bila barua ya baba yake. Dada aliona kwamba akina baba wako mbali na wana shughuli nyingi, akaamua kuwapunguzia kazi. Alianza kwa kuandika barua ya baba yetu. Kisha akaandika ya baba wa msichana aliyelala kitanda cha jirani. Kufikia muhula wa pili, dada yangu alikuwa baba wa wasichana kumi na mmoja. Mimi nilikuwa tarishi: nilizipeleka barua ofisini na kusema zimeletwa na dereva wa lori la mchele.

Kilichomkamata ni herufi g. Mkuu wa shule, mtawa mwenye miwani minene, alizipanga barua zote mezani akauliza inawezekanaje wanaume kumi na mmoja, mmoja daktari, mwingine mfugaji wa ng'ombe, mwingine marehemu tangu mwaka uliopita, wote waikunje g mkia uleule. Dada alifukuzwa wiki tatu. Tarishi hakutajwa, kwa sababu dada hakumtaja.

Sasa mwanamke huyo ni muuguzi katika nyumba ya wazee. Anaenda kanisani, havuki barabara taa ikiwa nyekundu hata kama hakuna gari. Hakujaliwa mtoto. Mwaka uliotangulia alikuja likizo akakaa kwetu, mtaa wa Gihosha, wiki tatu, na binti yangu alimfuata kutoka chumba hadi chumba kama mkia. Dada alipoondoka, mtoto alituambia mezani, bila kuomba radhi, kwamba anataka kwenda kusoma kwa mama mkubwa. Tukacheka. Yeye hakucheka, ingawa huyu ni mtoto anayecheka kila kitu.

Hilo la kucheka lilitupa taabu ya kwanza. Orodha ilisema picha iwe ya uso mtulivu, mdomo umefungwa, bila tabasamu. Nilimpeleka studio moja mtaa wa Mutakura, hatua chache kutoka duka la dawa ninakofanyia kazi. Mpiga picha alikuwa mama mmoja mnene mwenye subira. Akamkalisha binti yangu kwenye kigoda, akamwambia, "Usicheke." Ukimwambia binti yangu usicheke, umemfungulia bomba. Alicheka mpaka machozi. Akapewa maji. Akaketi tena, akafunga mdomo, mashavu yakavimba, akapasuka. Nilimkaripia, nikamfinya, mwishowe na mimi nikaanza kucheka, ikabidi nitoke nje nisiharibu kazi.

Nikiwa mlangoni nilimsikia yule mama akiuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na huko unaenda, nani atakusuka?"

Kimya. Kisha mlio wa kamera.

Picha ile ninayo hadi leo. Ina kila kitu kilichotakiwa: masikio yanaonekana, macho yametazama mbele, mdomo umefungwa. Serikali ya Kanada iliona mtoto mwenye uso mtulivu. Mimi ninaona mtoto ambaye kwa mara ya kwanza amefikiria nywele zake.

Mambo ya benki na ya daktari nitayaruka. Mume wangu aliyashughulikia kwa raha zake zote. Mume wangu ni mtumishi wa serikali, na kwake karatasi isiyo na muhuri ni karatasi ya kufungia karanga. Alinunua dosiye, jalada la kijani lenye kamba, akapanga nakala tatu za kila kitu. Alipoambiwa kwamba mtoto wa umri ule hatakiwi kutoa alama za vidole, alisikitika waziwazi. Alitaka vidole navyo vihesabiwe.

Kilichokwama kilikuwa karatasi ya mlezi. Jioni moja, tukiwa tunakula, aliisoma kwa sauti, akaweka kijiko chini, akasema, "Dada yako hana uzito."

Nilijua anasema nini, kwa kuwa kisa cha herufi g ni mimi niliyemhadithia, zamani tukiwa wachumba, nikitaka kumchekesha. Usimpe mchumba hadithi za ndugu zako. Atakuja kukutolea wakati umezisahau. Nilimjibu kwamba upande wake una kaka aliyepoteza pikipiki mbili akiwa amezikalia. Hilo halikuwa la haki, na pikipiki ya pili iliibwa kweli. Tukanuniana siku tano. Nyumbani mazungumzo yote yalipitia kwa binti yetu.

"Mwambie papa yako chakula kiko mezani."

"Papa, chakula kiko mezani."

"Mwambie mama yako nimesikia."

Mtoto alianza kuongeza vyake. Siku ya tatu alinijia jikoni akasema, "Papa anasema umependeza leo." Nikajua ni uongo, maana nilikuwa nimevaa kitenge cha kupikia chenye doa la mawese.

Siku ya sita ilikuwa miadi ya noteri. Tulikwenda tukiwa bado tumenuna, yeye mbele na dosiye yake, mimi nyuma na mkoba wangu. Noteri alikuwa mwanamke wa makamo mwenye kalamu mbili shingoni. Alisoma karatasi, akatutazama mmoja mmoja.

"Munakubali mutoto aende akae kwa huyu mulezi?"

"Mi ninakubali," nilisema.

"Na we, papa?"

"Maoni yangu mama anayajua," mume wangu akajibu, akiangalia dirishani.

Noteri akafunika kalamu. "Sikilizeni. Hii karatasi inasema *sisi*. Sisi wazazi. Mi hapa sioni sisi. Naona mutu na mutu. Mutoke, mukae pale kwenye benchi, na mukishakuwa sisi, murudi. Nafunga saa sita."

Ilikuwa saa tano kasorobo. Tulikaa kwenye benchi lililoegemea ukuta, katikati ya watu waliokuja kuuziana viwanja, na wote walikuwa wamesikia. Bibi mmoja akasogea ili tukae karibu zaidi. Kisha mume wangu alifungua dosiye, akaifunga, akaifungua tena.

"Si dada yako," alisema.

"Ni nini basi?"

"Huyu mutoto ananipigia kelele asubuhi nikinyoa ndevu. Kila siku anakuja kusimama kwenye mulango, anasema, papa, umebakiza hapa, umebakiza hapa. Nani ataniambia nimebakiza?"

Nilimtazama. Chini ya kidevu, upande wa kushoto, alikuwa amebakiza. Asubuhi ile alikuwa amenyoa mtoto akiwa bado amelala, na mimi nilikuwa nimeziona na kuziacha kwa makusudi.

"Mi nitakuambia," nilisema. "Umebakiza hapa."

Akapapasa kidevu. Bibi wa pembeni akasema, "Na huku pia." Tukaingia ndani kabla ya saa sita, tukasaini, na muhuri ukapigwa kwa kishindo ambacho mume wangu alikisikiliza kama muziki.

Ikabaki barua ya maelezo. Hii nilitakiwa kuiandika mimi, nieleze kwa nini mtoto anaenda, na kwa nini mlezi ni huyu na si mwingine. Niliandika ukurasa mmoja. Mume wangu akaurudisha na kalamu nyekundu. Aliongeza "Nina heshima kubwa ya kuja mbele ya wadhifa wako uliotukuka." Niliandika tena. Akaongeza "uaminifu usiotiliwa shaka." Mara ya nne alipokuwa akienda kwenye kikao cha harusi ya mtoto wa mwenzake, Jumamosi mchana, aliniachia karatasi imejaa wekundu kama ina surua. Niliketi peke yangu mezani, hasira imenipanda, na badala ya kunakili alichotaka, nikaandika hivi:

"Mheshimiwa, namchagua dada yangu kwa kuwa ana uzoefu mkubwa wa kusaini kwa niaba ya wazazi. Aliianza kazi hii akiwa na miaka kumi na sita, na kwa muhula mzima aliwalea wasichana kumi na mmoja bila malalamiko yoyote kutoka kwa wasichana. Anajua kuruka ukuta wa bweni, kwa hiyo mtoto wangu hataweza kuruka wowote bila yeye kujua. Anapika vibaya. Ana roho nzuri kuliko watu wote ninaowajua, nikiwemo mimi, na alipokamatwa hakumtaja mtu. Mkimkataa yeye, sina mwingine wa kumpa mtoto huyu, wala sitaki kuwa na mwingine."

Nikaisoma, nikacheka, moyo ukapoa. Kisha nikaandika ile nyingine, yenye wadhifa uliotukuka na uaminifu usiotiliwa shaka, nikatia tarehe na sahihi. Zote mbili zikabaki mezani. Niliondoka kwenda kuanua nguo.

Binti yangu ndiye aliyekuwa na kazi ya kupiga picha karatasi kwa simu na kumtumia mama mkubwa, ambaye angeziingiza kwenye mtandao wa maombi. Ni mtoto mtiifu. Aliambiwa atume karatasi zote zilizo mezani, akatuma zote zilizo mezani.

Jumatatu dada alinipigia nikiwa kazini, nikimhesabia mteja vidonge.

"Nimepata barua yako."

"Vizuri."

"Zote mbili."

Vidonge vikanimwagikia. Mteja akaanza kuvikusanya kaunta nzima, mimi nimeshika simu kama mtu aliyeshika kaa la moto.

"Dada, ile ya kwanza ni mchezo tu. Nilikuwa na hasira. Ifute."

Hakucheka. "Umeandika kila kitu," alisema polepole. "Ukuta umeandika. Mapishi yangu umeandika. Tarishi tu ndiyo hukumuandika."

"Dada, tafadhali."

"Nimeziweka zote kwenye dosiye. Nimeshabonyeza. Imeenda." Na simu ikakatika.

Nikaishi wiki saba ambazo siwezi kumtakia adui. Kila nilipofunga macho nilimwona afisa wa Kanada, mzee mwenye mvi, ameketi ofisini akipima mikia ya herufi g. Nilimpigia dada mara nyingi. Alizungumza nami kuhusu theluji, kuhusu wazee wake, kuhusu mguu unaomuuma. Nikigusia barua, alisema, "Tungoje serikali."

Nyumbani mume wangu alikuwa na amani tele. Wageni wakija aliwaambia, "Dosiye yetu ni safi," na kila aliposema hivyo nilikohoa. Mwishowe akaninunulia dawa ya kikohozi, kwenye duka langu mwenyewe, kwa mwenzangu. Hapo nikaona siwezi tena. Jumapili baada ya misa nilimketisha nikamwambia yote, kuanzia kalamu nyekundu hadi simu ya dada. Alisikiliza bila kunikatiza. Uso wake ulikuwa kama ule wa binti yetu kwenye picha. Nilingoja ngurumo.

"Hiyo barua ya kwanza," aliuliza hatimaye, "uliweka tarehe?"

"Apana."

"Ulisaini?"

"Apana."

Akashusha pumzi. "Basi si barua," akasema, na akaomba chai.

Sijui kama aliamini hivyo kweli au alinionea huruma. Katika ndoa yetu hilo sijawahi kuliuliza.

Jibu lilikuja siku ya kawaida kabisa, mvua ikinyesha, umeme umekatika, simu yangu ina chaji ya kufa. Dada aliita, na kabla sijasema allô alipiga kigelegele kilichonitoboa sikio. Wamekubali. Kibali kimetoka. Binti yangu aliyekuwa karibu alinipokonya simu, wakapiga kelele wote wawili, huyu huku na yule kule, hakuna aliyemsikia mwenziwe. Niliporudishiwa simu niliuliza jambo moja tu.

"Na barua yangu? Waliisoma? Hawakusema kitu?"

Dada akacheka, kicheko kile cha bwenini, cha kufunikia mdomo kwa shuka.

"Sikuituma, we mujinga. Hiyo iko hapa jikoni, nimeibandika kwenye mulango wa friji. Nilitaka na we ungoje vile mi nilingoja mbele ya yule mama wa miwani. Wiki saba si mingi. Mi nilipata miaka ya aibu."

Nilimtukana kwa Kirundi, kisha kwa Kifaransa, kisha nikarudia kwa Kiswahili ili asikose kitu. Alivumilia yote. Nilipoishiwa, alisema kwa sauti nyingine kabisa: "Unajua, nilipoenda kwa noteri wa huku, nilishika kalamu nikaiweka chini mara tatu. Akaniuliza kama niko mugonjwa. Nikamwambia apana. Ni mara ya kwanza nasaini ya mutoto na jina yangu mwenyewe."

Hapo chaji ikaisha, simu ikazimika.

Siku ya safari mume wangu alibeba dosiye ya kijani hadi uwanja wa ndege, imenenepa kama mto wa kulalia. Alikuwa amejiandaa kwa maswali. Askari wa uhamiaji, mwanamke mmoja mwenye kucha zilizopakwa rangi vizuri, alichukua pasi, akatazama kibali, akatazama barua yetu ya ruhusa, akagonga muhuri. Sekunde kumi hazikufika.

"Kuna na nakala za ziada," mume wangu akamwambia.

"Inatosha, papa."

"Ya daktari iko na kashe mbili," akasema, akionyesha mihuri.

"Nimesema inatosha. Mutoto apite."

Mtoto akapita. Alikuwa amesukwa vizuri, misuko midogomidogo ya kudumu. Mama wa studio alinielekeza kwa msusi wake, na kazi ile ilichukua siku nzima. Alituaga akicheka, kisha akalia, kisha akacheka kwa sababu analia, na mhudumu wa ndege akamshika mkono. Mume wangu alibaki amesimama na dosiye yake kama mtu aliyeleta zawadi kwenye nyumba iliyofungwa. Nilimshika mkono, nikampeleka kwenye gari.

Wiki ya tatu mtoto alipiga simu akiwa amenuna. Darasani walimwomba asimulie mji wake. Alisimulia ziwa, milima ya Kongo ng'ambo, soko, na kwamba viboko hutoka ziwani jioni na kutembea barabarani, watu huwapisha kama wakubwa wa nchi. Darasa zima likamcheka. Mwalimu akamwambia kwa upole kwamba ni vizuri kuwa na ubunifu.

"Lakini ni kweli!" mume wangu alifoka, akinyang'anya simu. "Hukuwaambia ni kweli?"

"Niliwaambia, papa. Halafu nikawaambia kwamba papa yangu anafuga simba. Hiyo wakaamini."

"Ngoja," alisema. "Nitakutumia uthibitisho."

Jumapili ile, mume wangu, mtu mzima, mtumishi wa serikali mwenye suti ya kanisani, alisimama ukingoni mwa Ziwa Tanganyika saa mbili nzima ameinua simu. Mimi nilikaa kwenye gari nikila karanga. Watu waliokuwa wakitembea walimuuliza kama amepotelewa na kitu. Kiboko mmoja alikuwepo, tulimwona tangu tulipofika, lakini hakuwa na haraka. Alizama, akaibuka mbali zaidi, akatoa masikio mawili na pua, akazama tena. Jua lilipokaribia milima mume wangu alirudi akiwa na matope hadi kwenye soksi, ameshinda. Alikuwa amepata picha tatu. Alizituma palepale, akaandika chini yake kwa Kifaransa safi: *Kiboko, Bujumbura, Jumapili.*

Jibu lilikuja kabla hatujawasha gari.

"Papa, hiyo ni jiwe."